Mimba ya Mapacha na Hatari Zinazojificha



Sisi tunaoshona magauni ya harusi tumeshaiona Taj Mahal kila mahali: kwenye kadi za mwaliko, kwenye mapazia ya studio, hata kwenye mabuku ya picha ambayo bi harusi anatuletea tumtazamie mtindo. Wengi tunaijua kama jengo la mapenzi. Wachache tunakumbuka kwamba ni kaburi, na kwamba aliyelazwa humo alifariki kwa uzazi.

Mumtaz Mahal, jina lake la kuzaliwa Arjumand Banu Begum, aliolewa na Shah Jahan mwaka 1612. Katika miaka 19 ya ndoa alizaa watoto 14, na nusu yao hawakufika ukubwani. Mwezi wa Juni 1631, akiwa amefuatana na mumewe kwenye safari ya vita, alifariki mjini Burhanpur, India, kwa uzazi wa mtoto wa 14. Mimba ile haikuwa ya mapacha. Tumeanza naye kwa sababu mumewe alikuwa miongoni mwa wafalme matajiri mno wa zama zake, ana matabibu, ana dhahabu, ana majeshi, na vyote hivyo havikumfaa kitu mkewe saa ile. Alichobaki nacho ni kumjengea kaburi zuri.

Leo mwanamke wa Makunduchi au Micheweni mwenye mimba ya mapacha anaweza kupata kinga ambazo malkia yule hakuwa nazo. Kinga hizo zimepatikana kidogo kidogo, nyingi zake katika miaka 200 iliyopita, na tunataka tuipitie historia yake pamoja nanyi. Tukiitazama vizuri inatufunza jambo moja: hatari kubwa za mimba ya mapacha zinajificha, na kila hatua mbele imepatikana pale mtu alipopata njia ya kukiona kilichofichika. Sisi wanawake wa visiwani, tuliolelewa kwenye stara na siri, tuna haja kubwa ya kulijua hilo.

Furaha mara mbili, mzigo mara mbili

Kwetu mapacha ni furaha. Wakiwa wa kiume majina yapo tayari, Hassan na Hussein, ingawa wajukuu wale wa Mtume (SAW) hawakuwa mapacha, mmoja alimtangulia mwenzake. Wenzetu wa bara wana Kulwa na Doto. Habari ikifika nyumbani, vigelegele vinapigwa na mawifi wanaanza kununua nguo za sare.

Lakini mwili wa mama unajua hesabu nyingine. Mfuko wa uzazi unatanuka kupita kawaida. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi, na madini ya chuma yanayohitajika ni ya watoto wawili. Kwa hivyo mama wa mapacha hupata zaidi upungufu wa damu, presha ya mimba, uchungu kabla ya siku, na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya kutimia wiki 37.

Mwenyezi Mungu ameutaja uzito wa mimba katika Sura Luqman na katika Sura Al-Ahqaf, na akauunganisha na amri ya kuwatendea wema wazazi. Ikiwa mimba ya mtoto mmoja imepewa heshima hiyo, mwenye wawili tumboni haki yake ya kupumzishwa, kulishwa na kupelekwa kwa daktari ni kubwa vilevile.

Matabibu wetu wa zamani

Wapo wanaodhani kuzungumzia uzazi ni aibu na kwamba dini inataka tunyamaze. Historia ya Waislamu haisemi hivyo. Katika karne ya 10, mjini Cordoba huko Andalusia, Arib bin Said aliandika kitabu kizima kuhusu mimba na malezi ya watoto wachanga. Mwenzake wa Andalusia hiyo hiyo, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, aliandika Kitab al-Tasrif, kitabu chenye sehemu 30. Humo aliwaeleza wakunga namna ya kumsaidia mtoto aliyekuja vibaya, akachora vyombo vya kazi hiyo, na akazungumzia pia uzazi wa watoto zaidi ya mmoja.

Elimu yao ilikuwa kubwa kwa wakati wao. Lakini ilikomea pale linapokomea jicho na mkono. Mkunga aliweza kupapasa tumbo na kupokea mtoto. Hakuweza kuona presha ikipanda, hakuweza kuona kondo la nyuma, na mara nyingi mtoto wa pili alimjua baada ya wa kwanza kutoka.

Presha: ugonjwa usio na sauti

Hatari iliyoogopwa zaidi zamani ni kifafa cha mimba. Mama mzima, jana alikuwa anakuna nazi, leo anaanguka na kukakamaa. Jina la kitaalamu la ugonjwa huu limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mmweko, kama wa radi, kwa kuwa ulionekana kuja ghafla bila ya taarifa. Kwetu wapo waliosema ni shetani amepanda kichwani, wakachoma ubani.

Ukweli ni kwamba taarifa ilikuwepo, ila ilijificha. Mwaka 1843 daktari John Lever wa hospitali ya Guy's, London, aliupima mkojo wa wanawake wenye kifafa cha mimba akakuta una protini. Hiyo ikawa alama ya kwanza: kuna kitu kinachoharibika ndani. Alama ya pili ilisubiri miaka 53. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alitengeneza kipimo cha presha cha kufunga mkononi, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonesha namna ya kusikiliza mapigo kwa kifaa cha masikioni wakati mkanda ukilegezwa. Ndiyo ule mkanda tunaofungwa kliniki mpaka leo.

Hapo madaktari wakatambua kwamba kifafa hakiji ghafla. Kabla yake presha hupanda na protini hutoka kwenye mkojo, na mara nyingi mama anajihisi mzima. Ukisubiri mpaka uumwe, umechelewa. Kwa sababu hiyo ikaja fikra ambayo zama zile ilikuwa ngeni: mjamzito asiyeumwa aende akapimwe. Daktari J. W. Ballantyne wa Edinburgh aliipigia debe mwaka 1901, na mwaka 1929 wizara ya afya ya Uingereza ikatoa ratiba ya mahudhurio ya kliniki: wiki ya 16, ya 24, ya 28, kisha kila wiki mbili, na mwishoni kila wiki. Kadi ya kliniki tunayopewa ni mjukuu wa ratiba ile.

Dawa ya kifafa chenyewe nayo ina kisa chake. Ni magnesiamu salfeti, na bibi zetu waliijua kwa jina la haluli, chumvi ya kuharisha inayouzwa dukani. Ikiwa safi na kwa kipimo maalumu, ikatiwa mwilini kwa sindano, hutuliza kifafa. Madaktari wa Marekani waliitumia kwa sindano tangu miaka ya 1920, lakini kwa miaka 70 wenzao wa nchi nyingine waliendelea kubishana na kutumia dawa nyingine. Mwaka 1995 ulitolewa utafiti wa wanawake 1,687 wenye kifafa cha mimba katika nchi mbalimbali. Waliopewa magnesiamu walirudiwa na kifafa kwa kiasi cha nusu tu ya waliopewa diazepamu. Mwaka 2002 ukaja mwingine, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonesha kwamba ukimpa mama mwenye presha kali dawa hii kabla hajaanguka, uwezekano wa kupata kifafa unapungua kwa zaidi ya nusu. Dawa ni ya bei ndogo. Kikubwa ni mama awe amefika mahali ilipo. Na tuseme wazi: ile haluli ya dukani haifanyi kazi hiyo, asije mtu akainywa.

Jambo moja wengi hatulijui: presha hii inaweza kuja hata baada ya kujifungua, ndani ya zile wiki sita ambazo kwetu ni arubaini. Mzazi akilalamika kichwa kinampasuka, macho yanaona vimulimuli, au anaumwa chini ya mbavu, asiambiwe ni upepo wala uchovu wa kunyonyesha wawili. Apelekwe hospitali siku ileile.

Mtoto wa pili hakuonekana

Zamani mapacha walikisiwa. Mkunga alitazama ukubwa wa tumbo, akahesabu viungo kwa vidole. Mwaka 1895 Adolphe Pinard wa Ufaransa aliwapa wakunga kile kifaa cha mbao chenye umbo la pembe, cha kusikilizia moyo wa mtoto. Hata hivyo mioyo miwili inayopiga pamoja inaweza kumdanganya hodari. Wanawake wengi waliingia leba wamejiandaa kwa mtoto mmoja, na mkunga pia amejiandaa kwa mmoja.

Pazia lilifunguliwa Glasgow, Scotland. Profesa Ian Donald alisikia kwamba viwandani wanatumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya vyuma, akajiuliza: ikiwa sauti inaona ndani ya chuma, kwa nini isione ndani ya tumbo? Mwaka 1955 alipeleka kwenye kiwanda vivimbe alivyovitoa kwa upasuaji, akavipima kwa mashine yao. Mwaka 1958, yeye na daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walitangaza picha zao za kwanza. Hiyo ndiyo altrasaundi. Tangu hapo mama anaweza kujua ana wangapi mapema, na mkunga akajua aandae mikono mingapi.

Kijijini bado mkunga hupima urefu wa tumbo kwa futi kama ile ya fundi cherehani. Baada ya wiki ya 20, sentimita huwa zinakaribiana na idadi ya wiki za mimba. Futi ikisoma 30 na mimba ina wiki 24, mkunga hushtuka, na anayo haki. Sisi watu wa cherehani tunalielewa hilo vizuri: kipimo kikizidi, kuna jambo ndani.

Kondo moja au mawili

Hapa pana siri kubwa kuliko zote, na mabibi harusi wetu tunaomba mtusikilize kwa makini.

Mapacha hawako sawa. Wengine kila mmoja ana kondo lake la nyuma. Wengine wanachangia kondo moja, na ndani yake mishipa ya damu inaweza kuungana. Ikiwa hivyo, mmoja anaweza kuwa anampa mwenzake damu yake bila kukoma: mtoaji ananywea na maji yake yanakauka, mpokeaji anazidiwa na damu na maji yake yanajaa. Mjerumani Friedrich Schatz aliichunguza mishipa hiyo kwenye makondo ya mapacha na kuieleza katika karne ya 19. Mapacha wa kondo moja hupatwa na hali hii katika mimba 10 hadi 15 kwa kila 100. Ikiachwa hadi ikawa kali, mara nyingi watoto wote wawili hufariki.

Kwa miaka zaidi ya 100 tangu Schatz, madaktari walijua tatizo na hawakuwa na la kufanya ila kupunguza maji tumboni. Mwisho wa miaka ya 1980 daktari Julian De Lia wa Marekani alianza kuiziba mishipa ile kwa mwanga wa leza, kwa kupitisha kifaa chembamba hadi ndani ya tumbo la mama. Mwaka 2004 utafiti wa Ulaya ulithibitisha kwamba njia ya leza inaokoa watoto wengi zaidi kuliko kutoa maji. Tiba hiyo ipo kwenye vituo vichache duniani. Lakini hata pasipo na leza, anayejulikana kuwa na kondo moja hupimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, ili madaktari waamue mapema ahamishiwe wapi na azalishwe lini.

Sasa siri yenyewe ni hii: wakati mzuri wa kujua kama kondo ni moja au mawili ni kabla ya wiki ya 14. Baadaye utando unaotenganisha unakuwa mwembamba na mtoto anajaza nafasi, hata daktari mzoefu anapata tabu. Na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo hasa miezi ambayo sisi tunaificha mimba. Tunaogopa jicho la hasadi, tunaogopa maneno, tunavaa baibui pana na kunyamaza mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Kuificha mimba kwa majirani hakuna ubaya, ni adabu yetu ya zamani. Kuificha kwa kliniki ni jambo jingine. Wazee walishasema, mficha uchi hazai.

Wanaokuja kabla ya siku

Kwa sababu mapacha wengi huja mapema, historia yao imefungamana na historia ya watoto njiti. Mwaka 1880 daktari Stéphane Tarnier wa Paris, baada ya kuona mashine za kutotolea vifaranga, aliagiza atengenezewe moja ya watoto wachanga. Katika hospitali yake vifo vya watoto waliozaliwa chini ya kilo mbili vilishuka kutoka 66 hadi 38 kwa kila 100, kwa joto tu.

Joto halikutosha, kwa sababu mapafu ya njiti hayajakomaa. Mwanzo wa tiba ya mapafu ulikuwa kwa kondoo. Daktari Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa anatafuta nini kinaanzisha uchungu, akiwadunga kondoo wenye mimba dawa za homoni. Mwanakondoo mmoja alizaliwa mapema mno, alitarajiwa kuwa maiti, naye akawa anapumua. Liggins na mwenzake Ross Howie wakalifanyia uchunguzi kwa mama 282 na mwaka 1972 wakatangaza: mama mwenye dalili za kuzaa kabla ya siku akidungwa sindano hiyo, mapafu ya mtoto yanapevuka haraka. Mwaka 2020 utafiti wa wanawake 2,852 katika nchi tano, Kenya ikiwemo, ulithibitisha kwamba sindano hizo zinaokoa watoto hata katika hospitali za nchi zetu, almuradi hospitali iwe na uwezo wa kumhudumia mama na mtoto. Sindano inahitaji muda kufanya kazi. Anayekuja hospitali mtoto ameshachungulia, muda huo hanao.

Na kuna tiba ambayo haina mashine. Mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, hospitali ilijaa na vyombo vya joto vikawa haba. Daktari Edgar Rey akaamua watoto wawekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wafungwe kwa kitambaa. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti wa hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, wa watoto waliozaliwa chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani tangu mwanzo, bila kusubiri watengemae, walifariki 12 kwa kila 100, na waliosubirishwa walifariki karibu 16. Mapacha wanaweza kuwekwa kifuani wote wawili, au mmoja kwa mama na mmoja kwa baba au bibi. Kanga zetu, tulizozoea kuziona za kufungia kichwa na kiuno, zinafaa sana kwa kazi hii.

Damu inayoingia kwenye vitambaa

Baada ya mapacha kutoka, mfuko wa uzazi uliotanuka kupita kiasi hulegea, na damu hutoka. Nayo inajificha: inaingia kwenye kanga, kwenye shuka, kwenye godoro, na anayetazama kwa jicho hukisia kidogo. Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa mama zaidi ya 200,000. Hospitali za upande mmoja zilipewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya kipimo, unaowekwa chini ya mama kukinga damu, pamoja na utaratibu wa kutoa tiba zote kwa pamoja mara damu inapofika mstari wa hatari. Zile zilizobaki na makisio ya macho ziligundua karibu nusu tu ya mama waliokuwa wakivuja damu kupita kiasi. Zenye mfuko ziligundua 93 kwa kila 100. Madhara makubwa yakapungua kwa asilimia 60. Plastiki na mistari! Kumbe tofauti ilikuwa kuona.

Nyumbani visiwani

Historia hii imepita na kwetu. Mwaka 2009 na 2010 ulifanyika utafiti hapa Zanzibar kwa wajawazito 2,550 kutoka vituo 24 vya afya. Wa upande mmoja walitumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha kliniki, na wakapewa njia ya kumpigia mkunga. Waliofika kliniki mara nne au zaidi walikuwa 44 kwa kila 100, dhidi ya 31 kwa wasiotumiwa. Na katika hospitali ya Mnazi Mmoja, wahudumu walipotengenezewa kijitabu cha mfukoni cha miongozo ya uzazi pamoja na mafunzo, watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Hakikuletwa chombo cha mamilioni. Kilitazamwa kwa makini kilichokuwepo.

Basi tuzungumze wenyewe kwa wenyewe.

Tunasikia msibani: amekufa shahidi. Ni kweli tumefundishwa kwamba mwanamke anayefariki na uzazi ana daraja la shahidi, na ni faraja kubwa kwa mama yake na mumewe. Faraja hiyo Mwenyezi Mungu ameitoa kwa walioondokewa. Haikutolewa ili sisi tukae kitako na mgonjwa ndani. Mtume (SAW) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Kwenda kliniki ndiko kumfunga ngamia kwenyewe.

Pia tusibabaike tukisikia mapacha ni lazima upasuaji. Mwaka 2013 utafiti wa wanawake 2,804 ulionesha kwamba pale mtoto wa kwanza anapotanguliza kichwa na mama yuko hospitali yenye wataalamu, upasuaji uliopangwa hauwi salama zaidi kuliko kuzaa kawaida. Wapo wanaouhitaji, wapo wasiouhitaji. Atakayeamua ni aliyekupima.

Kwa hivyo bi harusi wetu, hedhi ikikosa na kipimo kikasema ndiyo, mwambie mumeo na mama yako, kisha nenda kliniki kabla ya wiki ya 12. Ukiambiwa wawili, uliza swali hili kwa ulimi wako: kondo ni moja au mawili? Uliza kama unahitaji asprini ya kipimo kidogo kwa ajili ya presha, wala usijinunulie mwenyewe. Kunywa vidonge vya kuongeza damu. Ramadhani ikikukuta, dini imekupa ruhusa, usione haya kuitumia. Jua mapema utajifungulia wapi. Anayekaa Tumbatu au Kojani ana bahari ya kuvuka, na bahari haijui kwamba uchungu umeanza usiku, kwa hivyo wiki za mwisho akae kwa jamaa karibu na hospitali. Tafuta ndugu wawili watatu walio tayari kutoa damu. Na mume atoe ruhusa mapema, kwa maneno ya wazi mbele ya mama mkwe: zikitokea dalili na mimi sipo, mpelekeni, msinisubiri.

Tunapomfunda mwali tunamweleza udi, singo, kupika na kumpokea mumewe. Tumweleze na haya. Somo anayejua dalili za presha ya mimba amempa mwali wake zawadi itakayomfaa miaka mingi baada ya hina kufutika.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie wanaotafuta watoto wapate walio wema, awahifadhi waliobeba mmoja na waliobeba wawili, awape wepesi siku ya kujifungua, na awarehemu mama zetu na dada zetu waliotangulia wakiwa katika uzazi. Aamin.